Tatu na Unywele: Maisha ya Wendell Amstutz, 1938–2019

Mchungaji aliomba wasifu huu uwe mfupi na uwe wa upole. Mfupi utakuwa kadiri inavyowezekana. Kuhusu upole, aliyeuandika na anayeusoma ni dada yake marehemu, Lorene Lehman, na tangu jana alasiri amekaa na hasira ambayo haijapoa hata baada ya kulala nayo. Wenye haraka ya kushuka ukumbini kula tambi na viazi vya kuponda wavumilie. Tambi hazina miguu.

Wendell Menno Amstutz alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1938, katika shamba la wazazi wake, marehemu Menno na Selma Amstutz, maili tatu mashariki ya Berne, Indiana. Alikuwa kifungua mimba. Lorene alimfuata mwaka 1943, na baada ya hapo mama yao akafunga uzazi. Wendell alichelewa kusema. Alipotimiza miaka mitatu alikuwa na maneno yasiyozidi kumi, na moja lilikuwa "tena". Baba akizungusha gurudumu la mashine ya kupukuchua mahindi, Wendell alisimama pembeni amekunja vidole, na likisimama alisema, "Tena." Majirani walimhurumia mama kwa kupata mtoto mzito. Mama ndiye aliyegundua kwamba vile vidole vilikuwa vinahesabu mizunguko.

Alisoma shule ya darasa moja iliyokuwa njia panda ya shamba la akina Habegger, kisha sekondari ya Berne, akamaliza Mei 1956. Insha zilimshinda. Hesabu alizifanya akitazama dirishani, jambo ambalo walimu walilichukia. Mwaka 1952, alipokuwa na miaka kumi na minne, aliivua baiskeli ya Lorene gia ya nyuma na kuweka ndogo zaidi, bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Asubuhi yake Lorene alikanyaga pedali getini na baiskeli ikagoma kama nyumbu. Alilia.

"Umeniharibia baiskeli yangu, wewe!"

"Sijaharibu. Sasa ukikanyaga mara moja, gurudumu linakwenda mbali zaidi. Kuondoka ni shida, lakini ukishashika mwendo miguu inapumzika. Miguu ndiyo injini yako, usiikimbize bure."

"Nitakusemea kwa Baba."

"Nisemee jioni. Kwanza nenda shule."

Barabara za kwetu ni tambarare kama meza, na kufika shuleni Lorene alikuwa amewapita wavulana wote watatu wa akina Sprunger bila kutoka jasho. Hakumsemea. Gia ile ilikaa kwenye baiskeli mpaka alipoolewa, na ndiyo njia aliyojifunzia jambo ambalo ndugu yake alilitumikia maisha yake yote.

Mwezi Juni 1957 Wendell aliajiriwa katika kiwanda cha ekseli huko Fort Wayne, akafanya kazi humo miaka ishirini na mitano. Kwa vijana waliokuja leo kwa ajili ya Carlene, binti wa marehemu, ambao magari yao huwaka kwa kubonyeza kitufe: nyuma ya gari la zamani, katikati ya magurudumu mawili, kuna chungu cha chuma kiitwacho difu. Ndani yake gia ndogo inayotoka kwenye injini inaizungusha gia kubwa ya magurudumu. Ikiwa gia ndogo inazunguka mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja, gari lina nguvu ya kuvuta mzigo lakini injini inahangaika na mafuta yanakwisha. Ikiwa inazunguka mara tatu, gari huondoka kwa uvivu, kisha injini inatulia na kunywa kidogo. Hayo tu. Watu wa hapa waliyajua haya zamani hizo kama walivyojua bei ya mahindi, na ndiyo maana walichomfanyia Wendell hakina udhuru.

Kazi yake ilikuwa kuoanisha gia. Aliyapaka meno rangi ya njano, akazungusha, akatazama rangi ilipofutika, akajua meno yanagusana sawasawa au yatakuja kulia barabarani. Kucha zake zilikuwa za njano hata siku ya harusi yake. Difu ikishapita mikononi mwake ilikwenda kwenye meza ya vibati. Pale ilipigiliwa nambari ya mizunguko ya gia ndogo kwenye kibati kidogo cha chuma, kikafungwa chini ya boliti moja ya mfuniko, ili fundi yeyote akilala chini ya gari ajue ndani mna gia gani. Wendell alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, "Kibati ni cheti cha kuzaliwa. Hakikwambii mtu amekula nini leo." Kila fundi anajua hivyo. Gia hubadilishwa, kibati hubaki. Anayetaka uhakika huinua gari, huchora mstari wa chaki kwenye shafti, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka kwenye injini, huzungusha gurudumu na kuhesabu shafti imezunguka mara ngapi.

Kwenye meza ya vibati alikaa binti mmoja, Twila Habegger, aliyetumia mkono wa kushoto. Kwa sababu hiyo nne zake zililala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta. Msimamizi alimfokea kila Ijumaa. Wendell alianza kuzibeba difu zake mwenyewe mpaka mezani kwa Twila, ingawa palikuwa na toroli. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 10 Juni 1961, katika kanisa hili hili. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Carlene, mwaka 1964, na Twila akaacha kazi kumlea. Kwa Lorene alikuwa wifi, na katika mawifi wa wilaya hii hapakuwa na wa kulinganishwa naye. Saratani ilimchukua tarehe 9 Novemba 1979, akiwa na miaka arobaini.

Aprili iliyofuata Wendell alimwomba Lorene amsindikize Bluffton kutazama gari. Lilikuwa Studebaker Lark la mwaka 1960, lenye injini ya silinda nane, limelala kwenye ghala la mkulima chini ya kinyesi cha kuku. Wendell hakufungua boneti. Alimpa Lorene tochi, akalala chali kwenye majani makavu, akaingia chini kwa nyuma. Alikaa huko muda mrefu hata mkulima akaanza kukohoa.

"Nanunua," alisema alipotoka.

"Hujaisikia hata injini, bwana," mkulima akamwambia.

"Sijauliza habari za injini."

Lorene alidhani msiba umemharibu ndugu yake akili. Ndipo Wendell alipomvuta mkono, gauni zuri na yote, akampigisha magoti na kumwingiza chini ya gari. Kwenye difu palikuwa na kibati, na juu yake nne, nukta, moja, sifuri. Ile nne ilikuwa imelala. "Ni Twila huyu," alisema. Walilala pale chini, kaka na dada, wakalia mpaka tochi ikaanza kufifia.

Mwaka 1982 kiwanda kilipunguza watu, Wendell akafungua gereji yake Geneva, iliyofanya kazi mpaka 2011. Wengi waliokaa humu leo waliendesha difu alizozitengeneza yeye, na hawakuwahi kusikia kelele yoyote kutoka nyuma. Kwa wakati huo huo alikuwa mwanachama wa Klabu ya Magari ya Zamani ya Kingo za Wabash, na katika kanisa hili alibeba kikapu cha sadaka kila Jumapili kwa miaka kumi na mmoja. Alitembea nacho taratibu, safu hadi safu, na hakuwahi kumtazama mtu usoni wakati anatoa, ili asijue nani katoa nini.

Hapo ndipo upole ulioombwa unakwisha.

Jumamosi tarehe 12 Septemba 1987, klabu ilifanya shindano lake la kubana mafuta. Magari kumi na tisa, maili mia moja, kutoka Berne hadi Portland, Bluffton na kurudi. Matangi yalijazwa hadi shingoni, vifuniko vikafungwa kwa lakiri, na atakayetumia mafuta kidogo kulingana na uzito wa gari lake ndiye mshindi. Wendell alirudi wa mwisho, polepole kama anayepeleka mayai sokoni. Walipolijaza tangi tena walipata hesabu ya maili ishirini na tano na nusu kwa galoni. Aliyemfuata alikuwa na kumi na tisa.

Mwamuzi mkuu alikuwa Bwana Harlan Stucky, ambaye leo amekaa safu ya tatu upande wa dirisha. Mwanzo alimpongeza. Kisha akalala chini ya Lark na tochi, akasoma kibati, akatoka, akaandika hesabu zake nyuma ya karatasi ya ratiba mbele ya watu wote.

"Nne nukta moja. Silinda nane, na difu ya nne nukta moja," Harlan alisema. "Gari hili haliwezi kuvuka ishirini hata likishuka mlima, na sisi hatuna mlima. Wendell, kopo liko wapi?"

"Kopo gani?"

"La mafuta ya pembeni. Usitufanye watoto."

Waling'oa kiti cha nyuma. Wakafungua buti, wakatoa tairi la akiba, wakapiga milango kwa ngumi kusikiliza kama ni mitupu. Hawakupata kitu. Wendell alisimama akiwatazama, mikono mfukoni, na kwa mtu asiye na maneno mengi alisema maneno ya kutosha. Lorene alikuwepo na aliyasikia.

"Mna mikono," alisema. "Jeki ile pale. Inueni gari mhesabu."

"Tuhesabu nini? Kibati kimeshasema."

"Kibati kina lake. Hesabuni."

"Huyu anatupotezea muda," mtu mmoja akasema, na wengine wakacheka.

Mmoja akachukua spana akakifungue kibati kiwe ushahidi. Wendell Amstutz, mtoto wa watu wasiobeba silaha tangu enzi za babu wa babu zao, aliyekataa hata kumpiga ng'ombe, alimsogelea akamwambia, "Ukikigusa hicho nitakuvunja mkono." Basi. Likawa ndilo lililokumbukwa. Mtu asiye na hatia angekasirika hivyo?

Walimnyang'anya ushindi. Gazeti dogo la klabu likaandika kwamba mshindi amefutwa kwa "udanganyifu ambao namna yake haijagunduliwa". Haijagunduliwa! Mtu alihukumiwa kwa kosa ambalo waliomhukumu wenyewe hawakulijua ni lipi. Na mji wetu unavyopenda kusema lisemwalo lipo, kabla ya Jumapili mbili kupita wazee wa kanisa walimwita pembeni.

"Ndugu Wendell, hebu pumzika kidogo na kile kikapu. Mpaka maneno yapoe."

Alikiweka kikapu mezani, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, na hicho ndicho kiti alichokaa kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyerudi kumwambia maneno yamepoa. Watatu kati ya wazee wale bado wako hai, na wako humu ndani. Wanajijua.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema, asiachwe mtu. Jioni ya lile shindano Lorene alioka pai ya sukari na krimu, ile aliyoipenda kaka yake, akampelekea. Alimkuta jikoni amekaa peke yake na kofia kichwani. Alitaka kumchekesha, au ndivyo alivyojidanganya baadaye. Akamwambia, "Mimi ni dada yako, niambie mimi tu. Kopo ulilificha wapi?" Asubuhi Lorene alikuta pai mlangoni kwake, nzima, haijakatwa. Wendell hakula mezani kwake tena mpaka Krismasi ya 1993, na hata hiyo alikuja kwa sababu Carlene alimlazimisha. Lorene naye alikuwa amekisoma kile kibati. Alikuwa ameshika tochi. Kama kulikuwa na kitu kimoja katika gari lile ambacho asingekitilia shaka, basi ni nambari iliyopigwa na mkono wa wifi yake.

Mwaka 2015 madaktari walimwambia Wendell ana ugonjwa wa kutetemeka. Vidole vilivyoweza kusikia meno ya gia yamepishana kiasi cha unene wa karatasi vikashindwa kufunga kifungo cha shati. Carlene alirudi kutoka Indianapolis, ambako alikuwa muuguzi, akamtunza nyumbani hadi mwisho. Hakulalamika. Alikasirika mara moja tu, kijana wa hospitali alipomsifia gari kwa kumwambia kwamba magari yale yalikunywa mafuta kama ngamia. "Inategemea nyuma," Wendell alimwambia, na ilimchukua dakika nzima kuyatoa maneno hayo mawili.

Desemba iliyopita Lorene alijikaza, akamwambia kando ya kitanda, "Kaka, lile neno la siku ya pai. Nilikosa."

Alimtazama sana. "Hukuhesabu," alisema. Kisha, baada ya kupumzika, "Wewe uliwahi kupiga magoti, Lorene. Ulikuwa unajua njia."

Lorene alidhani ni homa inayosema. Wendell alifariki Jumapili tarehe 3 Februari 2019, saa moja asubuhi, nyumbani kwake Geneva, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Alikuwa na miaka themanini, zimebaki wiki tano na siku nne atimize themanini na mmoja.

Wasifu ungeishia hapo, kama si jana. Jana, Jumatano, watu walikuja kumwangalia marehemu. Walikuja wengi, na hilo familia inashukuru. Yapata saa tisa alasiri akaja Bwana Harlan Stucky na fimbo yake, miaka themanini na minne, akasimama mbele ya jeneza, akavua kofia. Akamgeukia Lorene.

"Alikuwa mtu mwema, Dada Lorene. Nataka ujue kwamba lile jambo sisi tulishamsamehe zamani."

Lorene aliomba arudie, maana masikio yake si ya kuaminika tena. Akarudia. Tulishamsamehe.

"Vaa koti," Lorene akamwambia.

"Twende wapi?"

"Vaa koti lako, Harlan. Carlene, lete gari mlangoni."

Isidhaniwe kwamba Lorene alikuwa na uhakika. Huko njiani, dakika ishirini hadi Geneva, barabara ina barafu na mzee yuko kiti cha nyuma anauliza kuna nini, Lorene alikuwa anaogopa. Kama mizunguko ingekuwa minne, angekuwa amemvua nguo ndugu yake kabla hajafika kaburini, mbele ya mtu yule yule. Mara mbili alitaka kumwambia Carlene ageuze gari. Lakini Wendell alikuwa amesema mara moja mwaka 1987 na mara moja Desemba, na ni haki ya mtu kusikilizwa walau mara ya tatu.

Gereji ilikuwa baridi kama ndani ya kisima. Lark lilikuwa limefunikwa shuka. Carlene, ambaye ni binti wa fundi hata kama alikwenda kuwa muuguzi, aliweka tofali kwenye magurudumu ya mbele, akaweka gia huru, akalizuia gurudumu la nyuma la kulia likiwa chini, akaliinua la kushoto kwa jeki na kuweka stendi. Akachora mstari wa chaki kwenye shafti na mwingine kwenye tairi. Akatandika boksi la katoni sakafuni.

"Lala," Lorene akamwambia Harlan.

"Lorene, mimi mgongo wangu..."

"Mwaka 1987 ulilala kusoma. Leo lala uhesabu. Carlene atazungusha gurudumu mara mbili, kwa sababu tumeinua moja tu na difu inagawa nusu kwa nusu, nawe unajua hivyo kuliko mimi. Ukihesabu nne, nitakuomba radhi mbele ya kanisa zima."

Alilala. Walimsaidia. Carlene alishika tairi kwa mikono miwili akalizungusha taratibu, na kutoka chini ya gari sauti ya Harlan ikaja ya kizee, kama anasoma darasani.

"Moja."

Tairi lilimaliza mzunguko wa kwanza likaendelea.

"Mbili."

Chaki ya tairi ilikaribia kurudi juu.

"Tatu."

Na tairi likafika. Carlene akalishika.

"Imepita kidogo," Harlan akasema. "Tatu na unywele."

"Siyo nne?"

"Zungusha tena, mwanangu."

Alizungusha tena. Tatu na unywele. Mara ya tatu Harlan hakuhesabu kwa sauti. Halafu, na hili lazima lisemwe ili haki itendeke pande zote, akatafuta pa kutokea. "Pengine aliibadilisha baadaye," alisema. "Baada ya shindano."

Carlene alipanda kiti, akateremsha kutoka rafu ya juu mzigo mmoja mzito uliofungwa kwa kamba, akauweka sakafuni usawa wa uso wa mzee. Ndani mlikuwa na gia kubwa na ndogo, zimepakwa grisi, zimefungwa kwa karatasi za gazeti la Fort Wayne la tarehe 21 Februari 1987. Juu yake kwa penseli, kwa mwandiko wa Wendell: "Nne nukta moja, za Twila. Zisitupwe." Carlene alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi Indianapolis mwaka ule, na baba yake alikuwa akiendesha maili mia moja kwenda kumwona kila mwisho wa wiki. Alikuwa ametaka gari liache kunywa mafuta sana. Ndiyo siri yote iliyokuwemo.

"Sasa kwa nini hakusema?" Harlan aliuliza, bado yuko chini. "Lorene, angesema tu. Kwa nini hakusema?"

"Alisema," Lorene akamjibu. "Alisema mhesabu."

Kazi nzima, tangu kuinua gari hadi kulishusha, ilichukua dakika kumi na moja, na dakika nne kati ya hizo zilikwenda kumwinua Harlan. Gereji ile iko maili kumi kutoka pale shindano lilipofanyika. Jeki ilikuwepo. Chaki haikosekani kwa fundi. Watu hamsini walikuwa wamesimama pale, nusu yao mafundi, wote wakijua kwamba kibati ni cheti cha kuzaliwa tu, na hakuna aliyekuwa tayari kuchafua suruali. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Wendell aliwaambia kabisa, na hawakutazama.

Harlan alipokwisha kukaa kwenye kiti, Lorene naye alivua koti lake zuri, akalala kwenye boksi. Carlene akamwambia, "Shangazi, si tumeshajua?" Akamwambia azungushe tu. Akahesabu mwenyewe. Alipofika tatu alibaki pale chini, na juu yake kibati kilikuwa kinaning'inia chini ya boliti yake, ile nne imelala vile vile. Sasa Lorene anaelewa kwa nini ndugu yake alikirudisha mahali pake siku aliyobadilisha gia, na kwa nini hakusema waziwazi kwamba kibati kinadanganya. Angesemaje kitu kama hicho juu ya mkono wa Twila, mbele ya watu wale? Hasira yake kwa Harlan ilikuwa kubwa, bado ni kubwa. Lakini pale chini iligeuka ikamtazama yeye mwenyewe, maana Harlan alikuwa jirani, na yeye alikuwa dada.

Marehemu ameacha binti mmoja, Carlene Amstutz, dada mmoja, Lorene, mjane wa Eldon Lehman, wapwa wanne, wanafunzi sita wa ufundi, ambao ndio watakaobeba jeneza, na Studebaker Lark moja la mwaka 1960. Baada ya wimbo wa pili Bwana Harlan Stucky atasimama. Hakulazimishwa, aliomba mwenyewe jana akiwa bado na vumbi mgongoni. Atatamka nambari aliyoihesabu kwa sauti ya kufika kiti cha nyuma kabisa, na kiti hicho leo kimeachwa wazi. Sadaka ya ibada hii itakusanywa kwa kikapu kile cha zamani. Wale wazee watatu ndio watakaokibeba, na watembee taratibu.

Jana jioni Carlene alikifungua kibati, na safari hii hakukifunga tena. Kimo katika mfuko wa shati la baba yake, upande wa kushoto, na mtakapomshusha kando ya Twila mtakuwa mnakirudisha kwa mwenyewe. Gari litabaki bila kibati. Kuanzia leo, atakayetaka kujua lina gia gani itambidi apige magoti ahesabu.

Pumzika, Wendell, kwa amani ile ambayo tuliikalia sisi. Tatu na unywele, kaka. Nimehesabu.